Kioo cha Pembeni

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Saa kumi na mbili alfajiri
theluji ya Toledo ingali imeng'ang'ania madirisha,
nasi tunapimwa uzito mmoja mmoja kama magunia,
kisha kila mtu na kiti chake, na sindano zake mbili:
moja ya kutoa damu, moja ya kuirudisha.
Saa nne nzima. Mashine hazina haraka.

Televisheni ni moja, imetundikwa juu ya kiti cha nne,
na tangu Februari haijui kitu kingine
ila Afisa Brunner kwenye meza ya utetezi,
tai ya buluu, daftari la manjano, anaandika.
Wiki ya tatu hii, anaandika.
"Anaandika nini?" nauliza.
"Vitu vya sokoni," asema Odessa Pettiford wa kiti cha pili,
"mayai, sabuni, na msamaha kama umeshuka bei."

Chini ya televisheni amelala Stan Wisniewski,
polisi mstaafu, miaka ishirini na sita ya doria.
Yeye peke yake haioni. Kiti hakigeuki,
mirija haimruhusu. Anachokiona ni sisi,
nyuso saba zimeinuliwa juu ya kichwa chake,
na kesi nzima ameisoma humo.
Hajawahi kuomba sauti ipunguzwe.

Ile video tumeonyeshwa, nimehesabu, mara kumi na nne.
Kwa mwendo wake. Polepole. Polepole zaidi.
Gari jeupe, taa moja ya breki imekufa,
Deshon Whitlow, miaka kumi na tisa,
mfuko wa dawa za shangazi yake mapajani.
Halafu wakili anaisimamisha, anaomba radhi, anairudisha nyuma,
na kijana anafufuka,
anaweka mikono kwenye usukani,
anangoja tena.
Mama yake, benchi la pili, koti lilelile la zambarau,
kila inapoanza hutazama viatu vyake.

Afisa alisema, kwa kiapo: gari lilinijia.
Nilikuwa mbele yake. Ilikuwa mimi au yeye.

Sasa sikiliza. Mimi si msomi wa sheria.
Miaka thelathini na moja nimekula mkate wa kiwanda cha vioo,
nimekatwa na vioo, nimeota vioo.
Kioo cha mbele kikipigwa hufanya utando wa buibui
na hubaki palepale.
Cha pembeni ndicho humwagika chote, kama chumvi ya mawe.
Na kwenye lami, chini ya mlango wa dereva,
mara kumi na nne, nimeiona chumvi.
Nikapayuka. Mashine yangu ikapiga kelele,
Renaldo muuguzi akaja mbio kuushika mkono wangu.
Siku nne baadaye mtaalamu wao, na suti yake na kijiti chake,
akasema yaleyale kwa maneno marefu.

Kiti cha nne kikauliza, taratibu, bila kunitazama:
"Una hakika ni cha pembeni?"
"Cha pembeni, Stan."
Akafumba macho. Shinikizo lake likashuka,
wakamlaza miguu juu.

Uamuzi ulitoka Jumanne. Siku isiyo yetu.
Nilikuwa dukani, nasoma kiasi cha chumvi kwenye mkebe wa maharage,
simu ikalia, Odessa:
"Kuua kwa kukusudia, hapana.
Kuua bila kukusudia, ndiyo."
Kisha namsikia tu anavyopumua.
"Nilie au nicheke?"
Sikumjibu. Nikaurudisha mkebe mahali pake.

Jumatano Stan amefika kabla yetu sote.
Ameomba kiti cha tisa, kile cha wageni,
kinachoitazama televisheni uso kwa uso.
Amevaa shati lililopigwa pasi.
Lakini kesi imekwisha. Kipindi ni cha mapishi:
mwanamke anakaanga samaki, anamimina chumvi bila kupima,
chakula ambacho humu hakuna anayeruhusiwa.
Stan anatazama. Hapepesi.
Renaldo akanyoosha rimoti. "Nibadilishe?"
"Iache."
Damu zikaendelea kutoka na kurudi,
nasi sote, bila kupatana,
tukawa tunamtazama yeye.