Hesabu ya Kisigino

Sekunde thelathini, alisema Dada Chiliwa,
kila mguu, asubuhi na jioni.
Usivute kama unayevuta ndama kisimani.
Shika, subiri, msuli utakuja wenyewe.
Akauchukua mkono wangu uliokwaruzwa na waya za zabibu,
akauweka chini ya kisigino cha Ndahani,
kisigino laini kama shavu,
miaka minne na hakijui vumbi la Dodoma.

Moja. Mbili. Tatu.

Majirani walikuwa na sababu zao,
zote zikiishia kwa mke wangu.
Dada Chiliwa akachora ubongo
nyuma ya kasha la glavu:
hapa, kabla hajazaliwa, damu haikufika.
Akaweka kalamu mezani. Hakumtaja mtu.
Kasha lile tumelibandika ukutani
karibu na kalenda, wageni wasome.

Ukutani kwa kliniki kuna maandishi:
Samaki mkunje angali mbichi.
Nilicheka peke yangu.
Kwetu Mlowa samaki hufika gulioni amekwisha kauka,
na bado tunamloweka, bado analainika.

Saba. Nane.

Jumanne ni magodoro, mpira mkubwa wa bluu,
akina mama na khanga zao begani,
mtoto wa mgongo wazi akitambaa kwa viwiko
kumfukuza mwenzake mwenye mrija kichwani,
na wote wawili wanacheka, na hakuna anayefikishwa.
Akina baba tulikuwa wawili.
Mvua zilipoanza mwenzangu akaacha kuja.
Simlaumu. Shamba nalo lina sekunde zake.

Niliuliza mara moja tu: atatembea?
Dada Chiliwa akafunga kamba ya kiatu, taratibu,
akasema, Mwezi huu tunataka akae, ale mwenyewe.
Nilirudi nyumbani nimenuna.
Nikavunja kreti mbili za zabibu,
nikapiga misumari, kiti cha pembe,
mgongo wima, meza mbele yake.
Siku ya kwanza alipaka mlenda usoni, kifuani,
kwenye sikio la paka.
Tonge moja lilifika.
Mama yake akatoka nje, akasema anaanua nguo.
Kambani hapakuwa na nguo.

Kumi na tano.

Bibi yake anahesabu kwa Kigogo
na anaruka namba akiharakia kuku.
Mimi siruki. Lakini juzi
nilikuwa nimepogoa tangu alfajiri,
umeme umekatika, upepo wa Julai mlangoni,
mguu wake kiganjani mwangu ukitetemeka, kisha ukatulia.
Kumi na saba, kumi na nane,
kumi na tisa,
nikasinzia.

Gizani, kutoka kwenye mdomo
ambao haujawahi kuniita baba:
*shi.*

Pumzi, au ishirini, sijui.
Sikuwasha kibatari, sikumwamsha mtu.
Nilikaza kidogo kiganja,
nikaendelea:
ishirini na moja.