Rangi ya Kucha

Chupa niliinunua Mlango Mmoja, elfu moja na mia tano,
nyekundu, ile ya mabibi harusi.
Muuzaji akasema, dada, kucha zako zitawaka.
Sikumwambia kuwa naenda kuipaka dari
mita arobaini na moja chini ya mahindi ya Misungwi,
mahali ambapo mwamba umeanza kunywa maji.

Mwamba ukinywa haulewi upesi.
Kwanza unatoa jasho, kama mtu aliyeficha deni.
Kisha unabadili sauti.
Gonga kwa mtalimbo palipo pakavu, unajibu *ngi*,
kama ringi ya lori inayogongwa shuleni.
Gonga palipolowa, unajibu *bu*,
kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.
Kati ya *ngi* na *bu*
ndipo ninapolia mshahara wangu.

Kuhesabu matone nilijifunza Bugando,
wodi ya wanaume, dripu ya baba.
Nesi Nyamizi alinielekeza: ishirini kwa dakika.
Yakizidi niite, yakipungua niite,
yakikoma, kimbia.
Baba hakupona. Hesabu ilibaki.

Basi daftari langu, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
linasema hivi:
Jumatatu, pembe ya mashariki, matone kumi na moja.
Jumatano, kumi na tisa. Usagara ilinyesha.
Ijumaa, thelathini na mawili, mstari wa rangi bado mzima.
Jumamosi, alfajiri,
sifuri.

Manakota walishangilia. Pamekauka!
Lushinge akavua koti la mvua, akalitundika kwenye timba.
Mimi nikainua tochi.
Mstari wangu ulikuwa umekatika katikati,
ufa mwembamba kama unywele wa kichanga.
Maji hayakuwa yameisha.
Yalikuwa yamepata chumba huko juu, yamekaa.

Nikasema, tokeni.

Ng'wandu mwenye duara alihesabu kwa vidole:
zamu mbili, dizeli ya pampu, karasha la kukodi,
wali wa watu ishirini.
Lini basi? Nipe saa.
Nikamwambia, jiwe halina kalenda,
lina mazoea tu.
Mazoea, akarudia, akatema mate.

Jumapili halikuanguka.
Jumatatu halikuanguka.
Siku ya tano, nikipita kwa mama ntilie,
kijana mmoja aligonga meza, *bu*,
na benchi zima likacheka. Nami nikacheka kidogo;
kuna aibu yake, kusema kweli kabla ya wakati.
Usiku nilijikuta naliomba jiwe lianguke.
Nikaamka, nikaomba toba.

Siku ya tisa, saa saba mchana, watu wakila,
ardhi ilikohoa mara moja.
Tulikuta pampu imelaliwa, na koti la Lushinge,
mkono mmoja nje ya kifusi, mtupu,
umeelekea mlangoni.
Lushinge alilitazama, hakulivuta.
Samahani sikuisikia kwa yeyote.
Ng'wandu aliniletea soda, tena ya moto,
na jioni ujumbe ukaingia kwenye simu:
*Na mkono wa magharibi? Lini?*

Jumamosi narudi Igogo.
Chumba changu kina kuta tatu za tofali;
ya nne ni jiwe lenyewe, lilimtangulia mwenye nyumba,
limebeba wenzake mgongoni hadi kileleni.
Ziwa mwaka huu limepanda, limemeza vichanja vya dagaa,
na mvua inashuka nyuma ya kitanda ikinong'ona.
Nimelipaka mstari, usawa wa mto wa kulalia.

Mwanangu Sayi ameiona chupa.
Amenyoosha vidole vyote kumi.
Nampaka polepole, namwachia rangi,
nabakiza kidogo chini kwa kazi,
sikio langu la kushoto
likiwa ukutani.