Maji Hayamo Kwenye Mwongozo

Mwongozo ulifika Jumatatu kwa pikipiki ya mtendaji,
kurasa arobaini na mbili, muhuri kila ukurasa,
na ndani picha ya sahani iliyokatwa mistari
kama shamba la ndugu waliogombana:
huku nafaka, huku jamii ya kunde,
kule mboga, kule tunda,
na pembeni kijiko cha mafuta.
Mwalimu Ndahani alisoma kwa sauti ya ibada.
Mimi nilikuwa nachochea kuni mbichi za mkambala,
machozi yananitiririka. Wakadhani nimeguswa.

Kikao kikakaa darasa la nne,
wazazi magoti juu kwenye madawati ya watoto.
Afisa lishe, kijana, viatu vyekundu kwa vumbi la Bahi,
akasema: sembe nyeupe basi, sasa ni dona.
"Na uwele?" akauliza mzee Sungwa.
"Mahindi hapa hukauka hayajafika kiunoni.
Uwele ndio unaotujua."
Afisa akapekua. Ukurasa wa tisa. Wa kumi na saba.
"Uwele unaruhusiwa."
Mzee akashukuru, kama mtu
aliyepewa kibali cha kulala kwake.

Ilipofika zamu ya mlenda darasa likachemka.
Huyu: usiandikwe, wageni watatucheka.
Yule: uandikwe, tena kwa wino mwekundu!
Yerusi, aliyewahi kupika mjini, jirani na Bunge,
akasema huko wanaula, ila wakishafunga mlango.
Tukacheka. Hata afisa.

Kisha mweka hazina akafungua daftari
na kicheko kikarudi kilikotoka.
Debe la uwele kwa kila mtoto. Maharage kilo tano.
Waliotoa, mia moja kumi na sita.
Watoto wote, mia mbili na tisa.
"Asiyetoa asile," akasema Chidumizi.
"Mimi nimeuza mbuzi."
Hakusema uongo, mbuzi yule namjua.
"Mwongozo unasema kila mtoto."
"Basi mwongozo nao ulete debe lake."
Upepo ukapiga bati. Hakuna aliyecheka.

Sikuulizwa. Mpishi haulizwi.
Lakini upawa uko mkononi mwangu,
na sufuria haijui kusoma daftari.
Kengele ya saa saba ikilia, wale tisini na watatu
hawaendi nyumbani. Wanacheza karibu na jiko
mechi ndefu isiyo na mpira.
Semwali wa darasa la pili huja kuniuliza, kila siku,
kama nahitaji mtu wa kuosha masufuria.
Masufuria yana ukoko.

Kwa hiyo naongeza maji.
Ndoo moja. Nyingine nusu.
Maharage yanakaa mbalimbali kama kaya zetu,
moshi wa huyu haumfikii yule,
na tonge la kila mmoja linapungua,
la mtoto wa Chidumizi pia.
Namwibia, ndiyo. Namwibia mwenye mbuzi,
na usiku nikilala nasikia mbuzi akilia.

Alhamisi afisa akarudi na mizani ndogo,
akapima upawa wangu, akaandika: *chini ya kiwango*.
Akainua macho. Mia mbili na tisa
walikuwa wanalamba vidole.
Akafunika kalamu. Akaifunua tena.
"Mama Nhonya, haya maji yako
niyaandike kundi gani la chakula?"

Nikamwambia aonje kwanza.
Akaonja.
Akaomba chumvi.