Mbuzi Wa, Mbuzi Ya

Baladia ilipojenga njia ya baiskeli hapa Ibra,
kando ya wadi, kutoka soko la wanawake
hadi pale mitende inapoanza kukonda,
karatasi ilipita nyumba kwa nyumba:
kila mtaa utoe sanamu moja,
kitu cha wazee, kisizidi kimo cha mtu.

Mtaa wa juu wakataka kijiti cha kivuli
kilichokuwa kikigawa zamu za maji ya falaji.
Mtaa wa chini, dele la kahawa. Walikubaliana kabla ya adhuhuri.
Sisi wa kichochoro cha waliorudi,
tunaogombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiarabu,
tulivutana wiki tatu, tukamwachia Bi Shinuna.

Akasema neno moja: mbuzi.

Karani Yaarubu, Kiswahili chake cha kuombea chai,
akaandika kwa hati nzuri jina la mnyama.
Kamati ikafurahi. Nani asiyependa mbuzi?

Mchoro ulipoletwa, bibi aliuinua kwenye mwanga.
"Huyu ana ndevu," akasema.
"Mimi nimesema mbuzi *ya*. Sikusema mbuzi *wa*."

Jaribu wewe kuieleza kwa Kiarabu, hiyo *ya*.
Kigoda cha kukunja. Ulimi wa chuma wenye meno.
Kilichovuka naye ndani ya mkeka, kati ya nguo za watoto wawili,
na ofisa wa forodha, baada ya kukigeuza sana,
akaandika: *kiti, kimoja*.
Yaarubu alitikisa kichwa kwa adabu.
Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa,
na mbuzi mwenyewe ndiye tatizo.

Mlangoni alisimama Biju, mchomeleaji, mtu wa Kerala,
anasubiri vipimo, futi mkononi.
Bibi akachoka na maneno.
Akakaa kitako sakafuni, upande upande,
akashika kwa mikono miwili nazi isiyokuwepo
akaanza kuikuna hewa: krr, krr, krr.

Biju aliweka futi chini.
Akachuchumaa mbele yake
na kukinga sahani ambayo nayo haikuwepo
pale hasa panapodondokea.
"Amma," akasema. Mama yake.
Hakupima kitu.

Sasa ipo, baada ya daraja la pili,
kubwa kiasi cha kukaliwa na watu wawili wasiojuana.
Kibao hakikubadilishwa, kilishalipiwa:
kwa Kiarabu bado ni mnyama,
na watoto hushuka baiskeli kumtafuta,
wanachungulia hata uvunguni.
Adhuhuri chuma kinaunguza, hakuna anayethubutu.
Alasiri wapanda baiskeli hukalia kufunga kamba za viatu.

Meno, kwa amri ya usalama, yalisagwa yakawa butu.
"Haikuni hata tango," bibi alisema siku ya ufunguzi,
mbele ya mgeni rasmi, kwa sauti,
kisha akakataa kupigwa picha.

Lakini Ijumaa moja nimepita mapema, kabla ya jua,
nikapitisha kidole kwenye ule ulimi
nikakitoa haraka. Kuna mtu na tupa yake.
Chini, juu ya zege, chicha nyeupe,
mbichi,
na sisimizi wameshapanga foleni.

Nyumbani bibi alikuwa anapika wali.
Sikumuuliza.
Nilinyonya kidole changu nikangoja chakula.