Matundu ya Mchicha

Siwatu ananiuzia mchicha wenye matundu,
bei ileile. "Viwavi," anasema,
"mwaka huu wamekuja na ukoo mzima."

Bonde la Msimbazi lilikuwa na minana,
wenye makelele, wafumaji wa matete,
waliookota viwavi kutwa
kulisha makinda, midomo wazi.
Sasa viota vinaning'inia vitupu
kama soksi zilizosahauliwa kambani.

Mayai kayala kunguru.
Kunguru nani kamlea?

Nimelitafuta jibu Jangwani kote,
nikaja kulikuta kwangu, Ilala,
nyuma ya jiko:
ukoko wa pilau, matumbo ya vibua,
ndoo isiyo na kifuniko,
naye juu ya bati, shingo ya kijivu,
ananikagua kama mwenye nyumba.

Sikujua karamu yangu inafika mbali hivi:
natupa wali huku,
jani linatoboka kule.

Jana nimenunua kifuniko, elfu nne.
Kunguru kakigonga mara mbili,
karuka ukuta, kwa Binti Chaurembo.

Siwatu sijamwambia.
Nimeukatakata mchicha wake, nimeutia nazi;
sufuriani matundu hayaonekani.