Ukurasa wa Nne

Mhariri salaamu, gazeti la Jumanne
limenitia wazimu, kwa ukurasa wa nne:
duka langu "marehemu", mwazika, watu waone.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Mimi Sikudhani Pazi, Mchikichi ndipo mwangu,
nauza zipu na nyuzi, vifungo fungu kwa fungu,
mwaka wa kumi wa kazi, sijahama kona yangu.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Jumatatu nilifunga, mjukuu kazaliwa,
nikafungasha na kanga, chupa nzima ya maziwa;
Temeke kile kichanga, mikononi nikapewa.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Mpiga picha kapita, geti kaliona chini,
wa jirani hakumwita, hakuuliza "Kwa nini?"
Kufuli moja kapata, jiji lote matangani!
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

"Kariakoo Yazama", herufi kubwa za wino,
chini yake mkasema, tumeikunja mikono.
Kumbe asubuhi nzima, robota, msongamano.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Simu mbili zikalia, Lusaka na Lubumbashi:
"Mama, pole, twasikia, duka limebaki moshi."
Mdai kanivamia, na hasira kama jeshi.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Sikatai ya ukweli, wapo walioanguka.
Msuya, geti la pili, mkopo umemteka,
kauza viti viwili, usiku akaondoka.
Kwake hakubisha mtu, wala hakupigwa picha.

Nilipoanza dukani, kwa mtaji wa vikoba,
na binti wawili ndani, wakashona, wakashiba,
hata mstari pembeni, kwetu ulikuwa haba.
Tuliingoja kamera, haikuja piga picha.

Mjukuu jina hana, babaye kataka Heri;
nikasema, "La, kijana, tumwite basi Habari,
kaja siku ya fitina, gazeti halikukiri."
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Najua baya huuza, nanyi mna biashara,
ila mkitupooza, nanyi mwakosa ujira:
tangazo nililowaza, kulileta ni hasara.
Hodi ungebisha kwanza, kabla hujapiga picha.

Gazeti nimelikata, vifungo nafungashia.
Leo mteja kapata, zipu sita, kalipia,
kaitazama, kasita, "Ni hapa?" kaulizia.
Nikamjibu, "Karibu, hodi haibishwi picha."