Tofauti ya Bei

Mkataba uliisha Jumanne.
Bosi Masima alinikabidhi kadi, nikaifunga kwenye nailoni.
Miezi kumi na minne, kila jioni elfu kumi mkononi mwake,
siku ya abiria na siku ya vumbi tupu,
na sasa ni yangu,
kuanzia taa ya mbele hadi tope lililogandia madigadi.
Leo Alhamisi, bima yake imekufa.

Kumbe kumiliki ndiko huku:
kukaa kwenye benchi la wakala, nyuma ya soko la Majengo,
helmeti magotini kama mtoto anayesubiri sindano,
na binti wa kompyuta anauliza bila kuinua macho,
"Ndogo au kubwa?"

Ndogo, anasema, ni ya wenzako.
Ukigonga mtu, ukivunja kioo cha gari la watu,
kampuni itasimama mbele yao badala yako.
Chuma chako kitabaki kuwa shida yako.
Bei yake ni tairi moja la nyuma, na chenji ya chai.

Kubwa ni ya wenzako na yako.
Ikiibwa, ikiungua, ikilaliwa na lori la zege kule Ihumwa.
Bei yake nimeipiga kwa mbuzi,
maana kwetu Mvumi hesabu nzito hupigwa kwa mbuzi.
Ni wawili, na mmoja ana mimba.

"Thamani ya chombo?"

Nikanyamaza.
Nitaje ile niliyolipa,
au ile anayoijua fundi Hezroni, ambaye akiisikiliza injini
hutikisa kichwa kama daktari mwenye adabu?
Kiti amekishona Damari kwa pazia letu la zamani.
Juu ya kiti hicho nimempeleka mjamzito wa Nkuhungu saa nane usiku,
akinibana mbavu kila uchungu ulipokuja.
Binti akaandika namba. Akatoa uchakavu.
Ikapungua nikiiangalia,
kama maji ya ugali yaliyosahauliwa jikoni.

"Na mguu?" nikauliza.
"Mguu upi?"
"Wangu."
Hapo ndipo alipoinua macho.
"Huo una fomu yake, kaka."

Chilewa alikuwa na kubwa.
Walimlipa pikipiki mpya, nyekundu,
imeegemea ukuta wa mama yake kule Chang'ombe.
Kila asubuhi huifuta kwa mkono mmoja,
mkono wa pili umeshika mkongojo.
Vumbi la Dodoma halijali nani haendeshi tena.

Ndahani alikuwa na ndogo.
Iliibwa nje ya kanisa, ibada ya pili, wakati wa matoleo.
Sasa anauza karanga palepale alipoiegesha.

Nikatoka nje nikampigia Damari.
Upepo wa Agosti ukala nusu ya maneno.
"Chukua kubwa," alisema, "nilale."
Kisha kimya. Nilijua anahesabu:
ada ya Perisi, mbegu za uwele, daftari la dukani.
"Au chukua ndogo," alisema, "tule."

Sijawahi kusikia bima ikielezwa vizuri kuliko hivyo.

Nimelipa ndogo.
Nikaongeza ya abiria, kwa zile pesa nilizoficha za kioo cha pembeni,
kwa sababu nyuma yangu hukaa watu
ambao hakuna aliyewauliza ndogo au kubwa.
Ujumbe ukaingia: namba ndefu, tarehe mbili, ahsante.
Mwaka mzima, umetoshea kwenye kioo cha simu kilichopasuka.

Narudi Nkuhungu polepole
hadi wenzangu wa kijiweni wananipigia miluzi.
Kwenye mzunguko nimelipisha lori,
nikapisha bajaji,
nikampisha na mzee na punda wake wa maji
ambaye hakuwa hata na haraka.

Wacheke tu.
Ile tofauti ya bei hakuna aliyenisamehe.
Nitailipa kidogo kidogo, kila kona,
kwa breki.